Ajenda Namba Saba

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Baraza la Madiwani, Mtwara, ukumbi wa juu,
feni mbili kati ya nne zikizunguka.
Ajenda namba saba: kuteua gazeti rasmi
la matangazo ya Halmashauri kwa mwaka wa fedha ujao.
Ilikuwa saa saba kasoro robo;
tumbo la kila mjumbe lilikwisha kuahirisha kikao.

Walioomba ni wawili.
Mbiu Mpya, la Dar es Salaam,
kurasa ishirini na nne, rangi mbele na nyuma,
hufika kwa basi la usiku, likifika;
masika barabara ikikatika
hutuletea tanzia za watu waliokwisha kufanyiwa arobaini.
Na Kusini Wiki Hii, la Mzee Nangumbi wa Ligula,
kurasa nane, wino unaobaki kidoleni,
mhariri ndiye mpiga picha ndiye msambazaji,
huendesha baiskeli mpaka Mikindani
akarudi na nakala kumi na moja zilezile.

Afisa Ugavi akasoma alama,
kisha bei kwa kila sentimita ya safu.
Sikuwa najua kwamba maneno hupimwa kwa rula
kama kitambaa cha sare.

Akasimama Mheshimiwa Fatu Likwata, Viti Maalumu,
ambaye huwa hasimami.
"Mwenyekiti, naomba kuuliza.
Katika haya mawili, lipi linafungia vitumbua
pale sokoni Chikongola?
Maana watu wangu mimi
gazeti wanaliona likiwa na mafuta."

Wakacheka. Mmoja akagonga meza.
Niliandika: Wajumbe walicheka.
Mwenyekiti akanichungulia begani, akasema, futa.
Nikafuta kicheko,
na swali likafutika nacho,
kwa kuwa vilikaa mstari mmoja.

Azimio: Mbiu Mpya.
Kumi na tisa wameafiki, wawili wamekataa,
mmoja alikuwa nje na simu.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.
Hawakusema ikilia mbali
jambo linabaki kuwa la nani.

Mwezi wa kumi, minada ya korosho imeanza,
mji una hela kidogo na vumbi jingi,
nikasimama kwa Bi Somoe Mnalimi, nyuma ya stendi.
Vitumbua vinne, vya moto.
Karatasi huinunua kwa kilo.
Mafuta yakaigeuza kioo,
picha ya mshambuliaji upande wa pili
ikanitazama kupitia maandishi.
Nikasoma, kwani kazi yangu ni kusoma:

TANGAZO KWA UMMA. Kusudio la kutwaa viwanja,
Chuno, Kitalu D, kwa upanuzi wa barabara.
Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi
ndani ya siku thelathini.

Nikahesabu kwa vidole vinavyoteleza.
Ilikuwa siku ya arobaini na sita.

"Mama, wewe unakaa wapi?"
Niliuliza tu, kama mtu anavyouliza hali.
"Chuno," akasema, akigeuza kitumbua kwa kijiti. "Kwani?"

Nikamsomea. Polepole,
kama ninavyosoma muhtasari wa kikao kilichopita
ili wajumbe wathibitishe kuwa ndivyo walivyosema.
Namba za viwanja zilikuwa chini ya kitumbua cha tatu.
Nikakinyanyua.
Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na tatu.
Kijiti kikasimama juu ya kikaango.

"Nani aliamua niambiwe huku?"

Jina langu halimo kwenye azimio.
Karani hapigi kura.
Nililijua jibu hilo, nikalitafuna na kitumbua.

"Lete."
Akaikausha karatasi kwa upindo wa kanga,
akaikunja mara nne,
akaitia kifuani, mahali zinapokaa pesa.
Vitumbua vyangu akavihamishia ukurasa wa michezo.
"Mia nane," akasema,
na nilipokuwa natafuta chenji:
"Kesho ukija, uje na kalamu."